Madam Aliyekagua Masikio ya Panya

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti cha darasa la nane nilichokipata shule ya jioni nikiwa tayari na ndevu, kwamba panya wa Ndalu, kijiji chetu, walikuwa wanaandikishwa. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Yule Madam anatega panya nyumbani kwako, anamkata kipande cha sikio, anakitia kwenye kichupa, anaandika jina lako juu ya kichupa, kichupa kinapelekwa Nairobi, na siku kinapofika huko wewe mwenye jina unaanza kutetemeka kwa homa. Wengine waliongeza kwamba panya akishaandikishwa anapewa kitambulisho. Hapo nilikataa. Nilisema panya hana alama za vidole, na watu wakaniheshimu kwa kusoma kwangu. Lakini hayo mengine yote niliyameza bila maji.

Tulimwita Madam tu. Hakuwa mwalimu, lakini kwetu mwanamke akija na kalamu, sanduku na sauti ya kutosikiliza upuuzi, jina lake ni hilo. Kwao ni wapi sikuuliza, na nadhani hata chifu hakuthubutu. Alikuwa mfanyakazi wa maabara, ametumwa kutafuta wadudu wa homa ya vichaka katika nchi hii ya kati ya Kitale na Bungoma, na kwa misimu mitatu alikuwa akija na kurudi, akilala katika chumba cha nyuma ya kanisa letu. Mitego yake ilikuwa ya bati, ya kukunjwa, myepesi kama bahasha. Ndani yake alipaka siagi ya njugu iliyochanganywa na uji mkavu wa shayiri. Harufu yake, wallahi, ingemtoa askofu katikati ya ibada. Nilionja mara moja. Sikufa, ila nililala nikisikiliza tumbo langu kama redio.

Kitu cha kwanza ambacho ungekiona kwake ni soksi. Soksi nyeupe ndefu za mpira wa miguu, amezivuta juu ya suruali hadi chini ya goti, na juu yake amefunga raba, zile za kufungia sukuma wiki sokoni. Jua likiwa kali la kukaanga yai kwenye bati, soksi ziko pale pale. Hakuwahi kukaa kwenye majani. Alitembea na ndoo ya plastiki, na popote mlipomkaribisha aliipindua akaikalia. Kisha, kutoka juu ya ndoo hiyo, akiwa amefungwa miguu kama mfungwa, anawaambia watu: "Msiogope. Hakuna haja ya kuogopa."

Sisi tulikuwa tukiangalia soksi. Mtu anayekuambia usiogope huku amejifunga hivyo anakuogopesha kuliko anayepiga mayowe. Kina mama walirudi nyumbani wakawafunga watoto miguu kwa mifuko ya plastiki. Mimi nililala na gambuti miguuni siku nne, mpaka mke wangu akaniuliza kama naenda kulala au kukamua ng'ombe.

Na bado mwanamke huyo huyo alimshika panya kama mchungaji anavyomshika mtoto wa kubatizwa. Alimlaza juu ya sahani nyeupe, pale kwenye baraza ya kanisa, mchana kweupe, watu wamejaa hadi kwenye ua. "Pole, baba," anamwambia panya. "Si wewe ninayekutafuta." Kisha anapindua sikio, anashuka na kibano kidogo na lenzi. Alikuwa akisema panya ni boda boda tu, kumlaumu hakusaidii, wa kuulizwa ni abiria. Ila siku moja kinyonga alitokea kwenye ukingo wa baraza, kinyonga wa kawaida, anatembea kwa ule mwendo wake wa kufikiria, na Madam akaacha panya, akaacha kibano, akaruka ngazi tatu. Tulimkuta barabarani ameshika ndoo kifuani. Alisema macho ya kinyonga hayaelewani, na kitu ambacho macho yake hayaelewani hakuna ajuaye kimeamua nini.

Sukari aliweka vijiko vitano kwenye kikombe kimoja cha chai, mtu huyo aliyetuhubiria afya. Wanawake wa kanisa walipompa kuku wa shukrani alimpokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kisha mbele yao akamnyanyua bawa na kumkagua kwapa. Walikasirika wiki nzima. Hata hivyo kuku alipoiva, firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye boma, iliwekwa kwenye sahani yake, na hakuna mzee aliyenung'unika. Aliila polepole akimwangalia kila mzee kwa zamu.

Mimi nilimzoea kwa sababu ya kusoma. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani ni kama mtu aliyenunua panga jipya, anataka kukata kila kitu. Nilisoma mifuko ya mbolea, nilisoma magazeti yaliyofungia mandazi, nilisoma hata maandishi ya nyuma ya chupa za dawa ya mifugo hadi ng'ombe akachoka kusubiri. Nilipomwona Madam akiandika, nilisogea. Hakunifukuza. Siku moja alinipa lenzi, panya akiwa kwenye sahani, sikuuliza ametegwa kwa nani.

"Angalia hapa, Nyongesa. Ndani ya sikio."

Niliona kitu kama unga wa pilipili umemwagika kwenye mkunjo wa ngozi. Rangi ya chungwa. Kisha punje moja ya unga ikanyoosha mguu.

"Hiyo inatembea, Madam."

"Ndiyo. Ni mtoto wa utitiri. Mkubwa hakuhangaishi, anakaa zake udongoni. Huyu mdogo ndiye anapanda juu ya majani anasubiri. Panya akipita, anapanda. Mtu akipita, anapanda."

"Na huo ugonjwa uko wapi?"

"Ndani yake. Ni bakteria. Mama wa utitiri anamwachia mtoto tangu kwenye yai."

Nikapiga hesabu. Mdudu ndani ya mdudu, juu ya panya, ndani ya stoo yangu ya mahindi, na stoo yangu imeshikana ukuta na chumba ninacholala. Kutoka siku hiyo kila kitu kilichoniwasha mwilini, hata mshono wa shati, kilikuwa na miguu.

Nilimuuliza kwa nini anahitaji panya wengi hivyo, kwani mmoja hatoshi? Akageuza ndoo akakaa.

"Wewe unapanda mbegu gani?"

"Ya Kitale, Madam."

"Ya mlimani au ya bondeni?"

"Ya mlimani. Ile ya bondeni huku kwetu inatoa gunzi la kumpa mtoto achezee."

"Na zote ni mahindi?"

"Zote ni mahindi."

"Basi hawa bakteria ndio hivyo. Wa Asia wamejulikana zamani, na vipimo vingi vilitengenezwa kwa ajili yao. Wa hapa vinasaba vyao vinaweza kuwa tofauti, na wa kijiji hiki tofauti na wa kijiji kile. Nimeshapata panya mmoja ana aina mbili. Sasa mgonjwa anapimwa kwa kipimo cha wageni, kipimo kinapita mbele ya mdudu wa kwetu bila kumjua, mtu anaambiwa hana kitu. Anarudi nyumbani na homa yake." Akachukua kichupa kingine. "Ndiyo maana nataka kila sikio. Kichupa kimoja kikipotea, pengine ndicho kilikuwa na ile aina ambayo hatujaiona."

Maneno haya niliyasikia vizuri sana. Nayakumbuka hata pumzi zake. Hayakunizuia kufanya nilichofanya.

Lakini kwanza niseme habari ya baraza la chifu, maana ndiyo iliyombadilisha. Chifu alimpa nafasi aeleze kazi yake, na Madam, kwa Kiswahili chake cha vitabu, akasimama akasema, "Wananchi, kinacholeta ugonjwa huu si panya, ni utitiri." Sasa huku kwetu, ukimwambia mtu viroboto anajua, chawa wa kuku anajua. Utitiri ni neno la kamusi. Nyuma kabisa alikuwapo mzee mfanyabiashara wa ndizi, ametoka kijiji jirani cha Naitiri na mkungu wake. Akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Madam, watu wa Naitiri tumekukosea nini?"

"Sijasema Naitiri, mzee wangu. Nimesema utitiri."

"Si ndiyo hiyo. Umesema u-Naitiri ndio unareta ugonjwa. Tumesikia sisi wote."

"Utitiri, mzee. U-ti-ti-ri. Ni wadudu."

"Sasa tumekuwa wadudu."

Ndalu ilicheka mpaka chifu akapiga meza. Kucheka kuliisha, madhara hayakuisha. Ndizi za mzee zilirudi nyumbani zimeiva kupita kiasi. Mwezi mzima, ukitoka Naitiri ukakohoa sokoni Ndalu, unaachiwa njia pana kama ya rais. Harusi moja iliahirishwa. Madam alimfuata yule mzee hadi kwake kumwomba radhi, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akitaja jina la kijiji chochote mbele za watu. Utitiri pia aliuacha. Alisema "wadudu wa majani."

Msimu wa tatu, majani yakiwa marefu, mke wangu alianza homa. Yeye ni Nekesa, lakini nyumbani tunamwita Mama Simiyu. Alikuwa amerudi siku kumi hivi kutoka kwa dada yake, alikokwenda kusaidia kufyeka kichaka cha kupanda maharagwe. Ilianza na kichwa. Kwetu homa zina majina mawili, malaria na taifodi, ukikosa moja unapewa nyingine. Dispensari walipima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya taifodi. Siku ya tano macho yake yalikuwa mekundu na haniiti tena Baba Simiyu, ananiita kwa jina la baba yake aliyekufa, ananiomba nimfungulie ng'ombe.   Nilishika mguu wake, ulikuwa moto kama sufuria iliyosahauliwa, na nikasema moyoni: kichupa kimefika Nairobi.

Nilikwenda kanisani kumwomba Madam afute jina langu, maana kwangu pia alikuwa ametega. Nilikuwa nimepanga hotuba. Hakuwepo, alikuwa ameenda kukusanya mitego. Chumba kilikuwa wazi, na mezani kulikuwa na kijisanduku chake cha barafu. Nikafungua. Vichupa vimepangwa kwa safu, kila kimoja kidogo kama kidole cha mtoto, kila kimoja na karatasi yake. Nikaanza kusoma. Kimoja cha safu ya pili kiliandikwa hivi, kwa herufi nzuri nyeusi: N.T. 7.

Cheti changu, kile kilichoning'inia ukutani kwangu kwa misumari minne, kimeandikwa Nyongesa Timothy. Na nyumbani kwangu, mimi na mke na watoto, tulikuwa watu saba.

Ningekuwa sijui kusoma ningepita. Ndilo jambo linaloniuma. Niliyesoma kwa taa miaka mitano nikaweza kutambua jina langu popote, nililitambua. Ndani ya kichupa kulikuwa na tone la maji na vile vidoti vya chungwa vimelala chini. Nikavihesabu, na nikaapa vilikuwa saba. Kumbe hata Nairobi hakikuhitaji kufika.

Nilikitia mfukoni nikatembea. Nikasema nikikimbia wataniona, kwa hiyo nilitembea kwa ule mwendo wa mtu asiye na haraka, na miguu inanicheka. Nyumbani niliingia jikoni nikakisukuma kati ya kuni chini ya sufuria ya maharagwe. Kililia, ssss, kikanuka plastiki, kikaisha. Maharagwe nilimwagia mbwa. Mbwa alikula akaishi, tena akanenepa, lakini mimi mwezi mzima nilimwangalia kwa wasiwasi.

Saa chache baadaye Madam mwenyewe akaja na ndoo yake. Amesikia kuna mgonjwa.

"Baba Simiyu, toka nje kidogo."

Alibaki na mke wangu na jirani mmoja mwanamke. Akaniita. Kiunoni, pale leso inapofungwa, kulikuwa na kidonda kidogo cheusi, kikavu, kama mtu amezima sigara pale. Mke wangu mwenyewe hakujua kipo. Hakiumi, hakiwashi. Kilikuwa kimekaa siku zote hizo kimya chini ya leso, na sisi tunamwangalia usoni.

"Hapa ndipo mdudu wa majani alipomuuma. Alikuwa wapi wiki mbili zilizopita?" Madam aliuliza.

Mke wangu alifungua mdomo, lakini sauti haikuwepo. Nikamjibia mimi. "Nyumbani tu, Madam. Hapa hapa." Kwa sababu nilishajua ugonjwa umetoka wapi, nilishasoma.

Aliandika barua, akakodi gari la mahindi lililokuwa linaelekea Moi's Bridge, na kutoka huko tukafika Kitale. Daktari alisoma barua mara mbili, akaangalia kile kidonda, akaagiza vidonge vya doksi, antibiotiki ya kawaida kabisa. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu mke wangu aliniita Baba Simiyu akaniuliza nani anawapikia watoto. Nilitoka nje ya wodi nikasimama uani nikalia mbele ya watu, na walionifariji niliwaambia ni vumbi. Moyoni nilijua kilichomponya. Ilikuwa saa ile kile kichupa kilipolia motoni. Vidonge vilikuja kumalizia.

Tuliporudi Ndalu nilimkuta Madam kwenye baraza ya kanisa, juu ya ndoo, anahesabu vichupa. Alihesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia. Aliinua kila kimoja akasoma karatasi, akarudisha. Hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu kama nimeona watoto wakicheza karibu na chumba chake, nikasema hapana, na nikajiunga kutafuta. Nilitafuta kuliko wote. Nilihamisha mabenchi ya kanisa. Niliinua zulia la madhabahu. Madam akaniambia, "Asante, Nyongesa, wewe ni mtu mzuri," na nikatamani ardhi ya kanisa ifunguke, ingawa najua ni saruji.

Wiki hiyo kazi yake kwetu iliisha, akaondoka.

Nyumba niliiogopa. Nilibomoa stoo nikaijenga mbali, hatua mia mbili, kila mtu akaniuliza kama naificha majambazi wasiione. Nilileta paka tisa. Sawa, walikuwa watatu, ila walikula kama tisa. Kila jioni kabla ya chakula watoto walipanga mstari nikawakagua kiunoni, kwapani, nyuma ya magoti, mpaka Simiyu, ambaye alishaanza sekondari, akasema, "Baba, shule nzima inajua."  Na kila mwaka, majani yakianza kurefuka, nilifanya mpango wangu. Nilijiona mjanja.

Nilimwona Madam tena mwaka huu, Kitale, penye mitumba. Nilikuwa nimepeleka mahindi, nikaona mgongo ninaoujua umeinama juu ya rundo la soksi. Alikuwa amestaafu. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani imekuwa nene, na alikuwa akivuta kila soksi kuona kama inafika goti. Ndoo hakuwa nayo. Nilimsalimia kwa sauti ya kuamsha soko, tukashikana mikono muda mrefu.

"Mama Simiyu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Tena huyo nimemlinda, Madam, ungenipa kazi. Tangu ile homa, majani yakianza tu kupanda, nawafungasha yeye na wale wadogo nawatoa kwenye ile nyumba. Mimi nabaki na panya wangu peke yangu. Wanarudi baada ya mavuno."

"Unawapeleka wapi?"

"Naitiri, kwa dada yake. Hata sasa wako huko, wiki ya pili. Wanamsaidia kufyeka."

Aliweka soksi chini.

"Nani alikuambia nyumba yako ina shida?"

Nilicheka, kwa vile nilidhani miaka imepita na sasa ni kichekesho cha watu wazima. Nikamwambia yote. Sanduku la barafu, safu ya pili, N.T. 7, Nyongesa Timothy, watu saba, moto, maharagwe, mbwa. Nilimwonyesha hata jinsi kilivyolia. Muuza soksi alikuwa anacheka. Madam hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa ananiangalia kama siku ile alipohesabu kutoka kushoto kisha kutoka kulia.

"Siku ile nilikuuliza mkeo alikuwa wapi," alisema. "Ukasema nyumbani."

"Alikuwa nyumbani, Madam. Alikuwa tu ameshatoka kwa dada yake."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Una simu?"

"Ninayo."

"Mpigie sasa. Mwambie atoke kichakani, yeye na watoto. Nguo walizovaa zote zifuliwe kwa maji moto. Awaangalie kiunoni, kwapani, nyuma ya magoti, na mwenye kichwa kinachouma asilale nacho, aende hospitali leo, aseme alikuwa anafyeka."

Simu ilikuwa mkononi na vidole vyangu vimesahau namba ninayoijua kuliko jina langu. "Kwani kuna nini, Madam?"

"Zile herufi ni za vijiji. Niliandika mbili mbili ili watu wasichekwe tena. Nyumba yako ilikuwa N.D., na panya wako nilimkagua masikio yote mawili, hakuwa na utitiri hata mmoja. Saba ni namba ya mtego. N.T. ni Naitiri."